Siku 287: hesabu ya kuanzisha uchungu kwa mama wa Biliqo

Kidonge cha kawaida cha misoprostoli kina mikrogramu 200 za dawa, na kilibuniwa kutibu vidonda vya tumbo. Mama anayeanzishiwa uchungu wa kuzaa anahitaji mikrogramu 25, yaani thumni ya kidonge. Kukikata kwa wembe vipande vinane vilivyo sawa ni kubahatisha. Kwa hiyo wodi isiyo na vidonge vidogo hukiyeyusha kizima katika mililita 200 za maji ya kunywa. Kila mililita hubeba mikrogramu moja, na mama hunywa mililita 25 kila baada ya saa mbili. Mchanganyiko hukorogwa kabla ya kila dozi, na unaobaki baada ya saa 24 humwagwa.

Mpaka hapo ni kazi ya chupa, kijiko na saa ya ukutani. Mambo yanayoamua kama dawa hiyo itamsaidia mama au itamdhuru ni mengine matatu: tarehe ya mimba, mahali anapoinywea, na mtu anayemwangalia baada ya kuinywa. Kwa mama wa Biliqo, katika kaunti ndogo ya Merti huko Isiolo, mawili ya kwanza huamuliwa nyumbani, wiki nyingi kabla hajaiona wodi.

Kwa nini usingoje tu

Sababu za kuanzisha uchungu ni chache na zinajulikana. Mimba imepita muda wake. Presha ya mama imepanda na mkojo una protini, dalili za hatari ya kifafa cha mimba. Chupa ya uzazi imepasuka, maji yanatoka, na uchungu hauji. Au mtoto amefia tumboni. Kuchoka na tumbo hakumo katika orodha hiyo. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kuanzisha uchungu kabla ya wiki ya 41 kwa mimba isiyo na tatizo, na linapendekeza kufanya hivyo pale inapojulikana kwa hakika kuwa wiki 41, yaani siku 287, zimetimia.

Mstari huo una sababu yake. Nchini Sweden, utafiti wa SWEPIS uliochapishwa 2019 uligawa wanawake wapatao 2,760 katika makundi mawili: walioanzishiwa uchungu wiki ya 41 na waliosubiri hadi ya 42. Ulisimamishwa kabla ya muda wake. Katika kundi la kusubiri walikufa watoto sita. Katika lile la kuanzishiwa hakufa hata mmoja. Idadi ni ndogo, lakini hiyo ni nchi ambayo mama huwa karibu na hospitali. Isiolo ni miongoni mwa kaunti sita za Kenya, pamoja na Mandera, Wajir, Marsabit, Lamu na Migori, zilizowekewa mpango maalumu wa serikali na Umoja wa Mataifa kwa sababu ya wingi wa vifo vya uzazi.

Tarehe

Neno zito katika pendekezo lile ni "kwa hakika". Wiki 41 huhesabiwa kutoka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mimba ya kawaida ikihesabiwa hivyo huchukua siku 280. Ikihesabiwa tangu kutungwa, ni siku 266 hivi.

Waborana wa Biliqo wana mfumo wao wa kalenda, wenye miezi kumi na miwili mwandamo na siku 27 zenye majina, na wajuzi wake, ayyantu, huisoma kwa mwezi na nyota. Tuuchukue mwezi mwandamo kuwa siku 29 na nusu. Miezi tisa ya aina hiyo ni siku 266, muda uleule wa tangu kutunga mimba. Hesabu ya kliniki, siku 280, ni miezi mwandamo tisa na nusu. Basi mama akisema "miezi tisa imetimia", anaweza kuwa sahihi kabisa, na muuguzi akiandika bila kuuliza miezi hiyo inaanzia wapi, anaweza kupotea kwa wiki mbili. Wiki mbili ndizo zinazotenganisha wiki ya 39 na ya 41: upande mmoja mimba haijafikia siku ya kuanzishiwa uchungu, upande wa pili imeifikia.

Hakuna haja ya kuidharau kalenda ya mwezi. Mama anayekumbuka kwamba hedhi yake ya mwisho ilikuja siku tatu baada ya Idi ametoa tarehe iliyo bora kuliko "mwezi wa nne hivi", maana siku ya Idi inajulikana na yeyote anaweza kuihesabu. Kinachotakiwa ni swali hilo liulizwe katika ziara ya kwanza ya kliniki, mama angali anakumbuka, na jibu liandikwe kitabuni. Picha ya altrasaundi huongeza uhakika ikipigwa kabla ya wiki ya 24. Ikipigwa mwezi wa nane, inaweza kukosea kwa wiki mbili au zaidi, maana kufikia hapo watoto wamekwisha kutofautiana ukubwa.

Mahali

Agizo la pili la Shirika la Afya Duniani ni kwamba, inapowezekana, uchungu uanzishwe katika kituo kinachoweza kupasua. Dawa inaweza kuubana mji wa mimba kupita kiasi hadi mtoto akose hewa. Kwa nadra inaweza kuupasua, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa aliyewahi kupasuliwa na kwa aliyezaa mara nyingi. Au inaweza isifanye lolote. Katika yote matatu, mlango wa mwisho ni chumba cha upasuaji, na zahanati ya kijijini haina. Ndiyo maana kidonge kizima cha kununua dukani, dozi nane kwa mpigo mmoja, hakina nafasi hata mara moja.

Basi hesabu inarudi nyuma. Kutoka Biliqo hadi mji wa Isiolo, ilipo hospitali ya rufaa ya kaunti, ni safari ndefu hata barabara ikiwa kavu. Wakati wa misimu ya mvua, ganna au hagaya, mabonde yakijaa na mto Ewaso Nyiro ukifurika, saa za safari zaweza kugeuka siku. Mama ambaye wiki yake ya 41 itatimia mwezi wa Novemba hafai kuanza kutafuta gari wiki ya 41. Afike mjini wiki ya 39 au ya 40, akae kwa ndugu au katika nyumba ya kusubiri kujifungua, mpango ambao Shirika la Afya Duniani linaupendekeza kwa maeneo ya mbali. Usajili wa SHA, mamlaka ya bima ya afya, ukamilike kabla ya kuondoka. Wanaomsindikiza wawe na mtu anayeweza kutoa damu.

Presha ya ghafla haisubiri mipango. Mama mjamzito anayeumwa kichwa kikali, anayeona ukungu au anayeshikwa na kifafa aanzishiwe magnesiamu salfeti na dawa ya kushusha presha katika kituo cha karibu, ndipo gari liondoke. Uchungu wake utaanzishwa huko mbele.

Wodini

Kitu cha kwanza ni kupimwa njia. Muuguzi au daktari anatazama mambo matano: mlango wa kizazi umefunguka kiasi gani, umefupika kiasi gani, ni mlaini au mgumu, umeelekea wapi, na kichwa cha mtoto kimeshuka hadi wapi. Kila jambo lina alama, jumla ni 13. Mpango huu wa Mmarekani Edward Bishop ni wa 1964 na bado unatumika. Alama nane na kuendelea, mlango uko tayari. Sita au chini ya hapo, unahitaji kulainishwa kwanza, na kulainisha ndiko kunakokula muda.

Njia za kulainisha ni mbili kuu. Ya kwanza ni misoprostoli, ya kunywa au ya kuwekwa ukeni. Ya pili ni katheta ya Foley, mpira uleule wa mkojo: hupitishwa mlangoni, puto lake hujazwa maji mililita 30 hadi 60, na shinikizo lake huusukuma mlango ufunguke. Utafiti wa INFORM uliofanyika Nagpur, India, na kuchapishwa 2017, ulilinganisha misoprostoli ya kunywa na puto kwa wanawake 602 wenye presha ya mimba. Waliozaa kwa njia ya kawaida ndani ya saa 24 walikuwa asilimia 57 kwa dawa na 47 kwa puto. Puto lina faida yake: haliuchochei mji wa mimba kama dawa, ndiyo maana huangaliwa kwanza kwa aliyewahi kupasuliwa.

Kwa mama aliyekeketwa, kovu linaweza kuufanya upimaji wa njia uumize sana na puto liwe gumu kuingia. Amwambie mkunga mapema, aombe mhudumu wa kike akitaka, na aulizie dawa ya kunywa, ambayo inapunguza idadi ya mara za kuguswa.

Mlango ukiwa tayari na uchungu bado ni dhaifu, hufuata dripu ya oksitosini. Mpangilio mmoja unaotumika sana ni yuniti 2.5 katika mililita 500 za maji ya dripu, kuanzia matone 10 kwa dakika, na kuongeza 10 kila nusu saa mpaka ipatikane mikazo mitatu ya mji wa mimba katika dakika kumi, kila mmoja ukizidi sekunde 40. Haianzishwi mapema mno: baada ya dozi ya misoprostoli ya kunywa husubiriwa saa nne, baada ya ile ya ukeni saa sita, ili nguvu mbili zisikutane. Oksitosini pia huhitaji baridi, nyuzi 2 hadi 8. Iliyokaa kwenye joto la Isiolo nje ya friji hupungua nguvu, na wodi inaweza kuzidisha matone ya dawa iliyochoka bila kujua.

Jicho

Mama asitarajie mtoto jioni ya siku aliyoanza. Kwa mimba ya kwanza, kutoka dozi ya kwanza hadi kuzaa inaweza kuwa siku nzima au zaidi. Mikazo ya dripu huja kwa nguvu na kwa kufuatana, bila ule mwanzo wa polepole. Anaruhusiwa kunywa, na kwa kawaida kula kidogo, mradi hakuna dalili ya kupasuliwa.

Katika muda huo haachwi peke yake. Mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa au mara nyingi zaidi. Ya kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika. Mikazo ikizidi mitano katika dakika kumi, dripu hufungwa na mama hulazwa ubavu wa kushoto. Anayemsindikiza anaweza kuihesabu mwenyewe kwa saa ya simu. Akiona sita, aite.

Uchungu usiposhika baada ya dozi zote, hilo peke yake si amri ya kupasua. Kama mama na mtoto wako salama na chupa haijapasuka, huweza kupumzishwa na kujaribiwa njia nyingine. Mtoto akishatoka, mama hudungwa yuniti 10 za oksitosini, na damu yake huangaliwa kwa makini zaidi, maana mji wa mimba uliosukumwa muda mrefu huchelewa kujikaza.

Kabla ya kurudi Biliqo, kitabu cha kliniki kiandikwe: sababu ya kuanzishiwa, dawa iliyotumika, na jinsi alivyozaa. Kama ilikuwa kwa kisu, hilo lisomwe kwa sauti mbele ya mumewe au mama mkwe, kwa sababu katika mimba ijayo misoprostoli haitamfaa tena, na safari ya kwenda Isiolo italazimika kuanza mapema kuliko hii.