Chemirocha: Ufundi wa Wimbo wa Kapkatet

Chemirocha ni wimbo wa Wakipsigis uliorekodiwa mwaka 1950 huko Kapkatet, katika nchi ya chai ya Kericho, upande unaoelekea Bomet. Aliyeurekodi ni Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyekuwa na makao Afrika Kusini. Kati ya matoleo yake matatu, lililovuma zaidi ni la tatu, linaloongozwa na Chemutoi Ketienya akiwa na kundi la wasichana. Halifiki dakika mbili, lakini ushairi wake umetimia.

Chanzo cha mhusika anayeimbwa humo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji kutoka Mississippi, Marekani, aliyefariki mwaka 1933. Santuri zake zilifika Afrika Mashariki na kuchezwa kwa gramafoni. Walioisikia sauti bila kumwona mwenyewe wakamwita Chemirocha na kumuumba upya. Kwa maelezo ya Tracey, akawa nusu mtu, nusu swala. Watunzi hawakumwiga mgeni huyo. Gitaa lake halimo. Waliyemwimba ni kiumbe wao wenyewe.

Muundo ni wa kuongoza na kupokea. Kiongozi hutangulia, wasichana hujibu kwa kibwagizo, na jina Chemirocha hurudi tena na tena, hata likawa mhimili wa mizani. Maudhui yake ni mwaliko wa utani: Chemirocha anahimizwa acheze, aruke mpaka nguo zimvuke. Kwa kuwa maneno ni machache, uzito wote uko katika marudio na katika namna sauti za wasichana zinavyopokezana na ya kiongozi.

Ala inayowasindikiza ni chepkong', kinubi cha Wakipsigis, cha ukoo mmoja na nyatiti ya Waluo na obokano ya Wakisii. Mpigaji hushikilia kifungu kifupi na kukirudia, hivyo waimbaji wana mahali imara pa kuegemea na mapengo kati ya mistari hayabaki matupu.

Tracey alizoea kushika maikrofoni mkononi na kuisogeza kwa waimbaji au kwa ala kadiri wimbo ulivyodai. Mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ILAM, iliyotoa mfululizo wa santuri zaidi ya 200. Rekodi ziliandikiwa majina ya wasanii, lugha, ala na mahali. Kwa utaratibu huo jina la Chemutoi Ketienya lilihifadhiwa, ilhali waimbaji wengi wa vijijini wa enzi hiyo hawakumbukwi.

Utaratibu huo ulikuwa na upungufu mmoja: ufafanuzi ulioambatana na santuri ulikuwa wa mkusanyaji, si wa watunzi. Katikati ya miaka ya 2010, ILAM na Ketebul Music ya Nairobi zilirudisha nakala za rekodi hizo Kapkatet. Wazee wakausikiliza wimbo, na wenye lugha wakapata nafasi ya kuueleza wenyewe.