Mkono wa Mwenyeji

Ramadhani ikiingia huwa napita makusudi, karibu na magharibi, kwa mzee mmoja wa Mkunazini, mjini Unguja. Sifuati uji wake wa pilipili manga, ingawa sijapata kuonja unaoushinda. Naenda kumtazama anavyokalisha watu.

Husimama mlangoni, na kila anayeingia huwekewa mkono begani. Mkono huo ndio unaomfikisha mtu kwenye sinia lake. Hakuna "wewe kaa pale". Unasukumwa kidogo tu, unajikuta kati ya seremala usiyemjua na maalimu aliyekusomesha chuoni utotoni, na kabla ya tende kwisha mmeshaulizana koo. Mwaka mmoja aliwaweka sinia moja ndugu wawili waliokuwa hawasemezani kwa ajili ya shamba la mikarafuu la baba yao. Aliwakalisha wakitazamana, katikati changu mzima wa kupaka. Samaki mzima hamkai mkamtazama. Lazima mmoja aanze. Mkubwa alinyofoa mnofu, akautoa miba, akausogeza mbele ya mdogo wake. Mdogo akaula. Shamba, nasikia, bado lina maneno, lakini salamu wanapeana.

Watu husema mzee yule ni mkarimu. Wakarimu tunao wengi. Anachowazidi ni ufundi. Mwangalie anapokula. Matonge yake ni madogo madogo, ili mkono uwe na kazi muda mrefu pasipo tumbo kujaa. Nyama huimega na kuipeleka upande wa mgeni mwenye haya, bila kumtazama usoni, maana akimtazama atamtahayarisha. Wali ukichimbika mbele ya mtu, huusogeza wa upande wake ukaziba pengo, isijulikane nani amekula sana. Na haondoi mkono kabla ya mgeni wa mwisho. Atachezea punje hata kama kashiba zamani. Sisi tulifunzwa hayo kwa kukonyezwa. Ole wako mtoto uinuke wa kwanza.

Sinia likirudi ndani, bi mkubwa naye hulisoma. Ataona pembe iliyobaki nzima, aseme: hapa mna mtu hakula, kwani nani alikaa huku? Kesho yake kikombe cha uji kitapelekwa nyumba fulani, na habari ya mgonjwa au ya deni itapatikana mlangoni huko, taratibu.

Pwani hii ina mazoea ya namna hiyo tangu kale. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, vijana wa mji walikifuata chombo kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akimkabidhi mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Mwenyeji huyo ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia nyingine. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa ni mwanachuoni, alipelekwa kwa kadhi, akaletewa tambuu na kumwagiwa marashi ya Dameski, kisha akalishwa wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu na maembe. Aliandika pia kwamba mtu mmoja wa huko hula chakula cha kundi zima la kwao. Tumsamehe, pengine hakujua kuwa wenyeji wake walikuwa wakimsubiri yeye ashibe.

Nakumbuka masinia yakitolewa nje wakati wa kufuturu, kila nyumba na lake, yakakutana barazani. Muhogo wa nazi wa huyu, mbaazi za yule, mikate ya kumimina ya kwa jirani. Mpita njia alishikwa mkono akaketishwa, jina ataulizwa akishapiga funda la kwanza. Mitaa michache bado inafanya hivyo. Mingi imefunga milango.

Siku hizi tunafuturishwa hotelini. Kuna bango nyuma ya meza kuu, hotuba, foleni ya bufe, na kila mtu ameshika sahani yake kama aliyekuja peke yake. Mwenye kutoa ana thawabu zake, simpunguzii. Ila anapiga picha na watu mia mbili, na hakuna hata mmoja aliyemsogezea mnofu. Majumbani nako chakula kinaletwa na kijana wa pikipiki, kila mtu na boksi lake, macho kwenye simu. Boksi likirudi jikoni halisomeki, linatupwa.

Kijana mmoja wa ukoo wetu amejenga nyumba nzuri huko Fuoni. Ukumbi wake una zulia la kukalisha masinia manne bila watu kugusana magoti, na mkewe anapika pilau ya kusifiwa. Nilipomuuliza lini atatualika, alijibu kwa heshima zote: "Tustahamilie kidogo, ami. Meza ya watu kumi na wawili bado haijafika."