Sifa ya Mahadhi

Katika lugha yetu zimo daraja tatu za kutoa neno kinywani: kuna kusema, kuna kughani, na kuna kuimba. Asemaye huliacha neno liende kadiri ya haja yake. Aghaniye hulipandisha na kulishusha kidogo, kama wafanyavyo wasomaji wa tenzi, lakini halitoi katika mwendo wa usemi. Ama aimbaye hulitwaa neno lile lile akaliingiza katika makao mengine, ambamo muda haupimwi kwa ulimi bali kwa pumzi. Vijana wameongeza daraja ya nne, ambayo mimi naiona kuwa ni ndugu wa kughani aliyepanda farasi, nayo wakubwa zao wakaiita muziki wa kufokafoka. Jina hilo si la haki sana, kwani kufoka ni kazi ya chungu cha wali kilichosahauliwa mekoni na ya mtu aliyepandwa na hasira, walakini ladhihirisha waliolitunga walikuwa wameketi upande gani. Nami nimeketi upande huo huo. Nalikiri mapema ili msomaji asinidhanie kuwa kadhi, ilhali mimi ni shahidi tu.

Yasemwa kwamba apendaye mahadhi hajali maneno, na kwamba mpenzi wa maneno hana budi kuyafuata kwa wafokaji, ambao huyamwaga kwa pishi pale ambapo mwimbaji huyapima kwa kibaba. Hesabu ni ya kweli. Shairi la kawaida lina mizani 16 kwa kila mshororo, 8 kabla ya kina cha kati na 8 baada yake, na mishororo minne kwa kila ubeti. Basi wimbo wa beti nne una mizani 256, ambazo mfokaji hodari aweza kuzimaliza kwa dakika moja hivi na akabakiwa na pumzi ya kuwasalimu wenzake, ilhali waimbaji wa taarabu asilia huzikalia dakika 10 na kupindukia. Lakini na tumuulize msikilizaji: katika mizani hizo zilizompitia kwa dakika moja, ngapi zimeketi? Neno lijalo mbio hulishughulisha sikio kulidaka, na kabla halijalitia kibindoni jingine limekwisha bisha hodi. Neno lililoimbwa huja polepole, hukaa, na katika kukaa kwake humwachia msikilizaji nafasi ya kuligeuzageuza na kujiuliza: huyu anasema na nani? Ndiyo sababu fumbo limepata maskani katika taarabu, na ndiyo sababu mwanamke aliyeketi kimya safu ya nyuma huinuka ghafla katikati ya ubeti, akaenda kwa mwendo wa ngoma mpaka jukwaani kumtunza mwimbaji, noti akiinyanyua juu ili ionekane na yule anayestahili kuiona. Amepewa muda wa kujitambua ndani ya maneno yasiyotaja jina lake.

Lugha yenyewe imesaidia, kwa kuwa silabi zetu karibu zote humalizikia kwa irabu, na irabu ndipo mahali ambapo sauti ya mwanadamu yaweza kusimama, kupanda, kutetemeka na kushuka bila ya kukatwa na meno wala midomo. Katika usemi mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Mfokaji huufuata kama nahodha afuatavyo dira, na hiyo ndiyo fasaha yake. Mwimbaji ana idhini ya kuuhamisha, akaiacha silabi yenye nguvu ipite upesi na kuijengea nyumba ile dhaifu ya mwisho.

Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alianza kwa kuuza vyungu mitaani akiimba. Mchuuzi anayetaka jina la bidhaa yake livuke kuta nene za mawe na kufika ghorofani hawezi kulisema, maana usemi hufa kwenye kona ya kwanza. Hana budi kulivuta. Sauti hiyo ya uchuuzi ndiyo iliyovuka bahari mwaka 1928 mpaka Bombay, ikatiwa katika santuri, ambazo upande mmoja wake haukuchukua zaidi ya dakika 3 na ushei, kisha santuri hizo zikarudi kuuzwa pwani. Na tukitaka ushahidi kwamba sauti ina maana yake yenyewe, hata bila ya maneno, tuwakumbuke wazee wetu waliokuwa wakiitega redio Alhamisi ya kwanza ya mwezi kumngojea Umm Kulthum kutoka Cairo. Wengi wao Kiarabu chao kilikuwa cha chuoni, cha kusomea na si cha kuzungumzia, lakini pale umati wa Misri ulipopiga kelele za raha, na baraza ya Unguja nayo ilishusha pumzi.

Kazi ya kulipatia shairi lahani yake huitwa kutia sauti, nayo ni sanaa ambayo mtu huisifu bila ya kujua kuwa anaisifu, kwa kuwa sifa zote huenda kwa mwimbaji. Atiaye sauti huusoma ubeti siku kadhaa, akatafuta ni wa maqamu gani, rasti au hijazi au bayati, ambayo sauti yake ya pili imeketi baina ya mbili, si ya furaha wala ya msiba. Sauti kama hiyo piano haiijui. Kanuni yaijua: nyuzi zake hupita 70, zimefungwa tatu tatu kwa sauti moja, na kandoni mna vikomeo vidogo vya madini ambavyo mpigaji huvipindua kwa kidole, sauti ikapanda au kushuka kwa kiasi kisichotimia nusu.

Sitaki kuwadhulumu wafokaji. Professor Jay aliichekesha nchi nzima kwa kuigiza ahadi za mwanasiasa katika "Ndio Mzee" (mwaka 2015 naye alichaguliwa mbunge wa Mikumi, na dunia ina mizaha yake), na kazi ile isingeliwezekana kwa mahadhi, kwa kuwa ahadi za uongo huhitaji mbio. Lakini nimeona kuwa wafokaji wenyewe, wakisha kumwaga pishi zao, mara nyingi humwita mwimbaji awatilie kiitikio. Mpwa wangu, ambaye hunicheka kwa uzee wa masikio yangu, huyajua maneno ya wafokaji wake neno kwa neno. Ila nikimkuta ameinama peke yake akiziba pancha ya baisikeli, anachokivumisha ni kiitikio.

Nilipata kuketi jioni moja katika mazoezi ya kikundi kimoja cha Mji Mkongwe. Msichana mwenye sauti safi alikuwa akifundishwa mshororo uliomalizikia kwa neno "moyo", naye aliliimba sawasawa, bila ya kosa nililoweza kulitaja. Mzee aliyepakata udi akasimamisha nyuzi kwa kiganja.

"Mwanangu," akasema, "umefika kabla yetu. Rudi njiani utungoje."

"Wapi nilipowaacha, maalim?"

"Kwenye 'yo'. Umeifunga mlango nasi tungali nje."

Akaimba tena, na tena akakatizwa. Mara ya tatu silabi ile ya kwanza aliigusa tu, akaipita. Ya pili akaishika, akaipandisha kidogo, akaiacha iteremke kwa ile sauti iliyo baina ya mbili, ikakawia pale, na fidla zikaikuta ingali hai. Mpiga dumbak, aliyekuwa kwenye kizingiti akiikanza ngozi ya ngoma yake kwa moto wa karatasi, aligeuka kumtazama, na karatasi ikamuunguza vidole.