Muumba ni mfinyanzi: Okot p'Bitek na lile vazi la Kigiriki

Miezi kadhaa iliyopita nilihudhuria matanga katika boma moja lililo kwenye mteremko unaotazamana na Mto Chania, ng'ambo ya mji wa Thika, upande wa Murang'a. Marehemu alikuwa nyanya wa kijana niliyemfundisha zamani. Usiku wa kuamkia mazishi, babake kijana huyo, ambaye ni katekista, alisimama kuwafariji waombolezaji. Akasema tusilie kupita kiasi kwa kuwa shosho mwenyewe hayupo pale. Roho yake imeshafunguliwa, na kilicholala ndani ya jeneza ni ganda tu.

Kijana akainuka. Kwa sauti ya chini, lakini kila mtu alimsikia, akasema hatasoma sala aliyopangiwa kesho yake. "Huyo Mungu na hiyo roho ni vya Wagiriki, baba. Okot p'Bitek alishayasema haya. Na shosho si ganda."

Kimya kikatanda. Kisha mzee mmoja akanigeukia: "Mwalimu, si ni wewe uliwafunza hawa? Hebu tuambie."

Ni kweli, kitabu hicho ni mimi niliyemwazima. Nilijibu kwa maneno yale ya kutuliza watu, kwamba tuheshimiane na kila upande una lake, nikaketi. Jibu hilo limenikera tangu usiku ule. Leo, kwa idhini ya wasomaji wa safu hii, nataka kujaribu tena.

Kitabu chenyewe ni African Religions in Western Scholarship, kilichochapishwa na East African Literature Bureau mwaka 1970. Ni kijitabu chembamba chenye hasira nyingi. Wengi wetu tunamjua Okot kwa Song of Lawino ya 1966, lakini mtu huyu alisomea pia elimu ya jamii za watu kule Oxford, na humu anawashukia walimu wake na Waafrika wenzake pamoja. Shtaka lake kuu ni hili: wasomi wa Kiafrika, akiwemo Jomo Kenyatta na John Mbiti, walipotaka kuwaonyesha Wazungu kwamba babu zetu hawakuwa washenzi, waliwavika miungu wetu mavazi ya Kigiriki. Wakasema Mungu wa Waafrika ni wa milele, ni muweza wa yote, anajua yote, yupo kila mahali. Sifa hizo, asema Okot, hazikutoka kwa wazee waliohojiwa. Zilitoka katika madarasa ya theolojia.

Hapo simpingi. Mchukue Mbiti, ambaye mimi namheshimu sana, mtu aliyefikia kulitafsiri Agano Jipya kwa Kikamba moja kwa moja kutoka Kigiriki akiwa mzee. Fungua African Religions and Philosophy ya 1969 kwenye sura inayoeleza Mungu alivyo. Utakuta mambo yamepangwa kama mtaala wa seminari: kwanza kujua yote, halafu kuwepo kila mahali, halafu kuweza yote. Kisha jamii moja baada ya nyingine inaletwa kutoa ushahidi kwa mstari mmoja mmoja. Ni wazi kwamba masanduku yalichongwa kwanza, ndipo Waafrika wakatafutwa wa kuyajaza. Okot na Mbiti wote walifundisha Makerere miaka ya 1960, na ukimsoma Okot unahisi ni ugomvi wa watu wanaojuana.

Kisa kitamu zaidi katika kitabu hicho ni cha mwaka 1911. Mapadri Wakatoliki wa Kiitaliano waliwaendea wazee wa Kiacholi wakawauliza ni nani aliyewaumba. Kwa maelezo ya Okot, lugha ya Waacholi haikuwa na dhana ya kuumba kama walivyoielewa mapadri. Swali likawafikia wazee likiwa "ni nani aliyewafinyanga?" Hilo nalo halikuwa na maana kwao, kwani mtu huzaliwa na mamake. Wageni wakasisitiza. Mzee mmoja akakumbuka kwamba kuna watu ambao migongo yao hupindwa wakawa na vibyongo, na anayewapinda ni jok aitwaye Rubanga. Akajibu: Rubanga. Tangu hapo mapadri wakawa wanahubiri kwamba Rubanga, mwenye kuvunja watu migongo, ndiye Baba wa mbinguni.

Kisa hiki tunakicheka. Msomaji wa Kiswahili hucheka kwa utulivu zaidi kwa sababu anajiona yu salama: sisi tunalo neno. Tunasema Muumba, na mambo yamekwisha. Kwani yamekwisha kweli?

Kitenzi "umba" ni cha ukoo mkubwa wa Kibantu, na ukiwafuata ndugu zake utajikuta kwenye karakana ya vyungu. Waganda bado wanasema kubumba, na maana yake ni kufinyanga. Wakikuyu, wenyeji wa kingo hizo za Chania, wana kũũmba, na kitenzi hicho hufanya kazi zote mbili: mwanamke aliyetengeneza chungu alikiumba, na Biblia ya Kikuyu inapofungua Mwanzo kinatumika kitenzi hichohicho kwa mbingu na nchi. Mama wa ukoo mzima ni Mũmbi, na jina lake latokana na kazi hiyo. Kiswahili ndicho kilichogawa majukumu. Udongo kikauachia "finyanga", "umba" kikaipandisha mbinguni, lakini alama za vidole zimebaki: umbo, maumbile, kiumbe. Umbo ni kile kinachotoka mkononi mwa mtu mwenye udongo.

Kwa hiyo padri wa Acholi aliyeuliza "ni nani aliyewafinyanga" hakuwa amepotezwa na mkalimani sana kama tunavyodhani. Aliuliza swali ambalo nusu ya Afrika Mashariki na Kati huliuliza kila Jumapili bila kushtuka. Hata Biblia yenyewe, katika sura ya pili ya Mwanzo, inatumia kwa Kiebrania kitenzi cha mfinyanzi Mungu anapomfanya mtu kutoka mavumbini.

Sasa hapa ndipo ninapoachana na Okot. Yeye anadhani kwamba Mungu anayefanya ulimwengu kutoka pasipo kitu, muweza wa yote, ni Mungu wa Wagiriki. Nilipolisema hilo darasani miaka hiyo, nilikuwa sijamsoma Plato kwa makini. Kisomee kitabu chake cha Timaeus, alichoandika katika karne ya 4 K.K., uone anayeufanya ulimwengu humo anaitwaje. Anaitwa demiourgos, yaani fundi. Neno ambalo Mgiriki wa kawaida angelitumia kwa mfinyanzi au seremala. Fundi huyu haumbi kutoka pasipo kitu. Anakuta vitu tayari, vikitikisika ovyo bila mpango. Anatazama kielelezo cha milele, kisha anavipanga kwa kukifuata, kwa kuwa ni mwema na hana kijicho. Anaupa ulimwengu nafsi, ukawa kiumbe hai. Wala si muweza wa yote: Plato anasema Akili ililazimika kuishawishi Lazima, na ushawishi huo ulifika mpaka mahali fulani tu. Kila mfinyanzi anaijua hali hiyo. Kuna udongo unaokubali na udongo unaokataa.

Zaidi ya hayo, Plato anajiuliza vitu vyote vinafanyikia ndani ya nini, na anapotafuta mfano analeta dhahabu inayogeuzwa maumbo mengi, kisha kitu laini kinachopokea chapa. Swali hilo analiuliza pia Lawino. Katika shairi la Okot mwenyewe, mama yule wa Kiacholi anawakera makatekista kwa kuwauliza huyo Mwenye Kibyongo aliuchimba wapi udongo wa kufinyangia. Okot mshairi alikuwa ameketi na Plato mkeka mmoja, na Okot mwanachuoni hakutambua.

Na Aristotle, mwanafunzi wa Plato? Kwake ulimwengu haukuwa na mwanzo hata kidogo. Mungu wake anauendesha ulimwengu kwa kupendwa tu, mwenyewe akiwa hasogei, na kazi yake ni moja, kujifikiria. Ukimpelekea mwanakondoo chini ya mũgumo mwaka wa ukame, hana habari nawe. Epicurus naye aliweka miungu mbali, kati ya dunia na dunia, wakistarehe bila kujali shida za mtu.

Nisimwonee Okot. Yuko Mgiriki mmoja, Xenophanes, aliyetangulia hao wote, aliyenena juu ya mungu mmoja mkuu anayeona kwa nafsi yake nzima, anayesikia kwa nafsi yake nzima, anayetikisa vyote bila jasho. Hizo ni nyuzi za vazi lile, sikatai. Lakini ni Xenophanes huyohuyo aliyewacheka watu kwa kuchora miungu kwa sura zao: Waethiopia, alisema, wana miungu weusi wenye pua bapa, na farasi wangekuwa na mikono wangechora miungu farasi. Angemsoma Okot angemwunga mkono.

Basi vazi lilishonwa na nani? Lilishonwa baadaye sana, na mafundi wengi. Mafundisho ya kuumba kutoka pasipo kitu yalikolezwa na Wakristo wa karne ya 2 B.K., akiwemo Theophilus wa Antiokia, na waliyakoleza ili kuwapinga wafuasi wa Plato. Kwa Wagiriki wa kale ilikuwa kanuni kwamba pasipo kitu hakitoki kitu. Kisha wakaja Augustine wa Hippo, na Ibn Sina, na Thomas Aquinas katika karne ya 13, kila mmoja akitia mshono wake. Vazi lilipofika Acholi mwaka 1911 lilikuwa limepita mikononi mwa Wayahudi wa Aleksandria, Waafrika wa Kaskazini, Waajemi na Waitaliano. Kuliita la Kigiriki ni kama kuiita pilau chakula cha Kihindi ukaishia hapo. Na tafsiri hiyo ina gharama: inamwaminisha kijana wangu wa Chania kwamba upande mmoja kuna shosho na vyungu vyake, upande wa pili kuna Plato, na kati yao kuna ukuta. Ukuta wenyewe haupo mahali alipouweka Okot.

Lakini kuna suala la roho, na hapa kijana alipatia kuliko mwalimu wake.

"Nafsi" na "roho" tumezipata kwa Kiarabu. Watafsiri wa Baghdad wa karne ya 9 walipokigeuza kitabu cha Aristotle juu ya psyche, walikiita Kitabu cha nafs. Falsafa yenyewe, kama jina, ilipita njia hiyo. Kiswahili kikayafanyia maneno hayo kazi zake. Roho kwetu ni pia koo. Mtu hukata roho, huwa na roho mbaya, hula roho ikapenda. Nafsi tukaitia hata kwenye sarufi, ikawa ya kwanza, ya pili na ya tatu. Union Version, kwenye Wathesalonike wa Kwanza 5:23, inaziweka nafsi, roho na mwili zote tatu kwa mfuatano, nami sijakutana na mhubiri aliyenieleza nafsi na roho zinatengana wapi.

Katekista aliposema mwili ni ganda, hakuwa anahubiri Injili, ingawa aliamini hivyo kwa moyo safi. Alikuwa anahubiri Phaedo ya Plato, ambamo Socrates, akingoja sumu, anawaambia rafiki zake kwamba kuufia mwili ni kufunguliwa. Imani ya kanisa lake inasema mwili utafufuka. Ganda halifufuliwi na mtu. Hata Wagiriki hawakukubaliana: Aristotle alisema nafsi ni umbo la mwili ulio hai, na kama jicho lingekuwa mnyama, kuona ndiko kungekuwa nafsi yake. Kwa maneno ya Kiswahili, umbo na udongo wake havisafiri mbalimbali. Kijana aliyesema shosho si ganda alikuwa karibu na Aristotle, na karibu na Kanuni ya Imani anayoikariri babake, kuliko babake mwenyewe usiku ule. Katika jambo hili vazi la Kigiriki lipo kweli, na Okot, aliyeupigia kelele mfano wa muumba, angefanya vyema kukaa hapa kurasa kumi zaidi.

Kesho yake sala ilisomwa na binamu. Kijana alisimama kando mpaka wakati wa kufukia, ndipo akaja akachukua sepetu, na babake akamwachia nafasi. Hawakusemezana.

Juzi amenitumia ujumbe akiuliza kama ninaweza kumwazima hiyo Timaeus niliyomtajia kwa simu. Nimemwambia aje aichukue Jumamosi, aje na babake, na anirudishie Okot wangu.