Majini, Msahafu na Hoja: Nathari ya Sheikh al-Amin Mazrui

Wahakiki wetu wamezoea kuutafuta mjadala wa imani katika riwaya za Kezilahabi, hasa Nagona (1990) na Mzingile (1991), kana kwamba kabla ya hapo mwandishi wa Kiswahili alikuwa akiamini tu bila ya kuuliza. Mtazamo huu unaipuuza Mombasa. Mnamo 1930 Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) alianza kutoa Sahifa, gazeti la Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Mwaka 1932 likafuata Al-Islah. Makala za Sahifa ndizo zilizokuja kukusanywa katika Uwongozi. Uhuru wa Watumwa cha Mbotela, kilichotoka miaka minne baada ya Sahifa, hakikosekani katika mihadhara yetu; Uwongozi huachiwa wanahistoria wa dini. Tangu Kai Kresse na Hassan Mwakimako watoe toleo lao la 2017, udhuru wa kutokipata kitabu umeondoka.

Sheikh, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi kufa kwake, aliathiriwa na fikra za Muhammad Abduh na Rashid Rida wa Misri. Hapa pana utata ambao mhakiki hana budi kuukabili. Anayeupinga ushirikina kwa kuutegemea Msahafu hana nafasi ya kukana kuwapo kwa majini: Sura ya 72 imepewa jina lao, na Sura ya 113 inafunza kujikinga na shari ya wapulizao mafundoni. Swali la kuwapo kwao, basi, limefungwa hata kabla kalamu haijashikwa. Lililobaki wazi ni la maadili. Ni nani anayestahiki kuombwa? Nani hulipwa, na nani hufilisika kwa malipo hayo? Kwa maoni yetu, kufungwa huko ndiko kulikoipa nathari ya urekebishaji makali yake, kwani kunamlazimisha mwandishi kuuacha mjadala wa ghaibu na kuwatazama watu na mali zao. (Wanaodhani kwamba imani hudumaza hoja wangeyafikiria haya.)

Hata hivyo, hirizi hazikukoma. Tangu Kibarani, ng'ambo ya Makupa, hadi Kibokoni, mganga angali na wateja. Sababu moja, tunavyoona, imo katika umbo lenyewe. Insha ina msemaji mmoja: ndiye aulizaye, ndiye ajibuye, na mpinzani husikika kupitia kinywa chake tu. Ushairi wa Mvita, kwa upande mwingine, tangu zama za Muyaka umekuwa na desturi ya kujibizana, ambapo anayeshambuliwa hurudisha kwa bahari ileile. Ngoma ya kupunga nayo imejengwa juu ya majibizano: pepo huulizwa jina lake na anachokitaka, naye hujibu kwa kinywa cha mgonjwa, wakapatana.