Fani na Maudhui ya Mezani

Sisi tuliosomesha Kiswahili tulizoea kuhakiki kitabu kwa vigezo viwili: fani na maudhui. Fani ni namna jambo lilivyosemwa. Maudhui ni jambo lenyewe. Sijaona mtu akivitumia vigezo hivyo kwa nyumba ya kulia chakula, ingawa hapa Kisesa watu wengi huingia humo mara nyingi kuliko wanavyofungua kitabu. Naomba nijaribu.

Mgahawa ninaousema uko karibu na barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma. Una meza sita na mabenchi, na jiko liko uani. Jina lake nalihifadhi, kwa kuwa nitausifu na kuulaumu pia. Hapo mimi na wenzangu watatu, wote walimu wastaafu, hukutana kila Alhamisi jioni. Wafaransa wana nyumba za namna hii mitaani mwao, wanaziita bistro: vyakula vichache, mpishi anayejulikana, wateja wanaorudi. Sisi tuna mama ntilie, naye hakujifunza kwao.

Nianze na fani. Sato wa hapa huchemshwa kwa nyanya, kitunguu, ndimu na chumvi, basi. Mpishi wa namna hii hana pa kujifichia, kwani samaki aliyelala hujulikana tangu tonge la kwanza. Sato wa mama huyu nyama yake huachana na mfupa bila kung'ang'ania, na mchuzi ni mwepesi. Ugali ni wa mahindi uliochanganywa na udaga kwa kiasi. Udaga ukizidi, ugali huvutika kama gundi. Huu unashika tonge na hauchoshi meno ya wazee.

Asubuhi huuza supu ya ng'ombe na chapati. Neno "restaurant", lililoenezwa duniani na Wafaransa, lilikuwa kwanza jina la mchuzi wa kumrudishia mtu nguvu, uliouzwa Paris katika karne ya 18. Basi anayekunywa supu Kisesa saa moja asubuhi yuko karibu na chimbuko la jambo lenyewe kuliko anayekula hotelini kwa uma na kisu.

Sato mzima mezani si jambo dogo. Viwanda vya minofu ya sangara viliposhamiri Mwanza katika miaka ya 1990, minofu ilisafirishwa Ulaya, na wengi wetu tukabaki kununua mapanki, yaani kichwa na mifupa, yaliyokaangwa. Anayetuuzia samaki kamili kwa bei ambayo pensheni inaifikia anastahili heshima.

Lakini fani hiyo ina kasoro. Hakuna michembe, hakuna matobolwa, hakuna nsansa ya karanga. Mwezi Juni, wakati wa Bulabo, Bagika na Bagalu wanaposhindana kwa ngoma, wageni hujaa Kisesa. Hupanda Bujora kuona makumbusho ya Wasukuma, kisha huteremka kuja kula chipsi. Nilipomuuliza mama, alijibu kwa adabu: "Babu, michembe watu wanayo nyumbani. Nani atainunua?" Hesabu yake naielewa. Lakini wajukuu wangu nyumbani mwao hawanayo, na wasipoikuta mgahawani wataikuta wapi? Chakula kisichopikwa kwa kizazi kimoja hubaki jina tu.

Sasa maudhui. Kipimo changu ni kimoja: je, nyumba hii inamruhusu mtu kukaa? Kuna migahawa mjini ambapo sahani huondolewa kabla tonge la mwisho halijashuka, kwa sababu kiti kinasubiriwa. Hapa binti huleta birika na beseni, akaanza na aliye mkubwa kwa umri. Tukimaliza, hunawisha tena na kutuacha. Tumewahi kukaa hadi jiko likazimwa, na hakuna aliyetufagilia miguuni.

Mwenzetu mmoja alifiwa na mkewe miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo hula hapo kila jioni. Mama humwekea kichwa cha samaki, maana anajua akipendacho, na pensheni ikichelewa huandika deni daftarini bila kupaza sauti. Asipoonekana hadi saa mbili usiku, mama hutuma kijana aende kumwangalia. Kwa mtu anayelala peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu, hilo ni zaidi ya chakula.

Lawama yangu kubwa ni runinga. Imewekwa juu ya ukuta na hupigishwa kelele tangu jua linapotua. Wazee wanne wenye masikio mazito hawawezi kushindana nayo, na maongezi hufa katikati ya samaki. Kama nyumba inatupa muda wa kukaa kisha inatunyima kusikilizana, imetoa kwa mkono huu na kunyang'anya kwa ule.

Wahenga walisema: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Kwa tumbo ni kweli. Lakini mwenzetu yule hukumbuka Ijumaa alichosimuliwa Alhamisi, na hukisimulia tena Jumamosi. Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: fani nzuri, ikiongezewa michembe itakuwa bora; maudhui yana uzito wa kutosha. Runinga ipunguzwe sauti.