Tapeti Inayonyamaza Ndiyo ya Kuogopa

Honda CG125 ilipotoka mwaka 1976, wahandisi wake walikuwa wameacha kwa makusudi kamshafti ya juu na cheni yake, wakarudia fimbo za kusukumia valvu. Waliilenga kwa nchi ambako pikipiki hubeba mizigo na oili huchelewa kubadilishwa. Viwanda vingi vya China viliiga injini hiyo, na nakala zake zimejaa kwenye vijiwe vya bodaboda vya Tanzania na Kenya. Inavumilia kweli, na uvumilivu huo umezaa mazoea mabaya: mwenye pikipiki kuukuu akisikia kitu kinagonga juu ya silinda, anakaza tapeti, skrubu ya kurekebisha nafasi ya valvu, mpaka mlio ukome, akahesabu kazi imekwisha. Nashikilia kwamba kimya hicho ni hatari kuliko mlio, na kwamba fila, bapa la kupimia nafasi la bei ndogo, inalishinda sikio.

Nafasi inayotakiwa kati ya roka, mkono unaosukuma valvu, na valvu yenyewe ni milimita 0.08, injini ikiwa baridi. Valvu ya kutolea moshi hupoa hasa inapofunga na kugusana na siti yake, joto likahamia kwenye kichwa cha silinda. Kilomita zikiongezeka, valvu na siti hulika, valvu ikazama na shina lake likapanda kuelekea roka. Hapo nafasi inapungua, tena bila sauti yoyote. Ikiisha, valvu haifungi sawasawa, gesi ya moto inapenya ukingoni na kuuunguza. Nafasi iliyozidi kidogo inakuletea kelele na ncha za roka kulika. Iliyoisha inakugharimu valvu na siti.

Wengi watasema dalili za valvu isiyofunga sawasawa, kama kuwaka kwa shida na kukosa nguvu injini ikipata moto, ni za kabureta. Huenda ni kweli, lakini kupima valvu hakubadilishi chochote, ilhali ukishagusa skrubu za kabureta umevuruga ushahidi. Basi anza na valvu: toa plagi na kifuniko cha roka, zungusha injini hadi alama ya T ya magneti ikae mahali pake, kisha hakikisha roka zote mbili zinacheza. Zisipocheza, zungusha duara moja zima. Fila ya 0.08 ipite kwa kukwaruza kidogo, ya 0.10 igome. Isipokuwa hivyo, legeza nati ya tapeti na urekebishe skrubu. Ukishakaza nati pima tena, kwa sababu nati huzungusha skrubu, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika.

Wapo mafundi wenye mkono wa miaka mingi, na hawapaswi kudharauliwa. Hata hivyo, hakuna sikio linalotofautisha 0.08 na 0.05. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kwenye injini kuukuu fila yenyewe hudanganya: ncha ya roka ikiwa na shimo, bapa la fila hukaa juu ya shimo, na nafasi halisi inakuwa kubwa kuliko uliyosoma. Ndiyo maana ncha ikaguliwe kabla ya kupima. Na kama nafasi inaisha tena muda mfupi baada ya kurekebishwa, usiendelee kulegeza tapeti nyumbani. Huenda siti au valvu imekwisha; peleka pikipiki kwa fundi afungue kichwa cha silinda, asage valvu au abadilishe kilichokwisha.